Nmap kwenye laini za Uganda: taimauti ndo kila kitu, na hiyo -T5 iacheni

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka aende zake. Nmap naipa nne kati ya tano, na ile moja niliyoibania ni kwa ajili ya --host-timeout tu, ntaieleza huko chini. Mengine yote, hasa vile inavyojipangia muda wake yenyewe, mi sijaona skana ya bure inayoifikia. Ila kuna namna watu wa hapa Kampala wanaitumia inanikera sana, mtu anaangalia video moja, anakopi komandi yenye -T5, ile ya kasi ya mwisho, anairusha kwenye laini ya ofisi iliyoko Arua, inamaliza chapchap ikisema poti zote ni filtered, yaani hazijibu kitu, na yeye anakaa anaandika ripoti kwamba faiwoli ya mteja iko imara. Faiwoli gani ndugu yangu? Hiyo ni taimauti yako mwenyewe, yaani muda uliouweka wa kusubiri jibu.

Kwa asiyeijua, hii ni programu huria ya kukagua mtandao, unaielekeza kwenye anwani inakuambia mashine zipi ziko hewani na poti zipi, yaani milango ya huduma, ziko wazi. Gordon Lyon, anayejiita Fyodor, aliitoa 1997 kupitia jarida la Phrack na hadi leo inaendelea kupata matoleo mapya. Linux, Windows, Mac, zote inakubali, hata kwenye simu kupitia Termux watu wanaiendesha. Bei ni sufuri, bando tu ndo lako, na bando nalo tutalizungumza manake hii kitu ikiachiwa inakula.

Sasa muda. Nmap ikituma paketi ya SYN, ile ya kuomba kuunganishwa, kwenye poti, poti iliyo wazi inajibu, iliyofungwa nayo inajibu kwa RST kwamba hapa hakuna kitu, hizo mbili hazina shida. Shida ni kimya. Ni kama umegonga geti la mtu Kololo, hakuna anayejibu: askari kalala, au anakuja polepole kutoka nyuma ya nyumba, au hukusikika kabisa? Utasubiri dakika ngapi kabla ya kugonga tena, na utagonga mara ngapi kabla hujaondoka ukasema hawapo? Kazi yote ya timing kwenye Nmap iko kwenye hayo maswali mawili, na jibu lake baya ndo linaloitwa filtered, yaani nimegonga wee nimechoka.

Kinachonifurahisha ni kwamba kwa kawaida haikisii tu. Inapima kila jibu limechukua muda gani, inaweka wastani, inaangalia majibu yanavyopishana, halafu inasubiri wastani huo ukijumlisha mara nne ya huo mpishano, hesabu ileile TCP, itifaki yenyewe ya kusafirisha data, inayotumia kujua lini irudie paketi. Na kasi nayo inaipandisha taratibu, ikiona paketi zinapotea inarudi nyuma, ikiona mambo shwari inaongeza. Kwa hiyo ukiiacha yenyewe inajifunza laini yako. Laini ikiwa mbovu inakwenda pole, ikiwa safi inakimbia, wala hujagusa kitu. Ndo maana nacheka nikiona mtu ameweka opsheni nane za muda kwenye komandi moja, umeshamnyang'anya dereva usukani halafu unalalamika gari linayumba.

Ila hiyo hesabu ina sakafu na dari, na hapo ndo -T inapoingia. Ziko sita, -T0 hadi -T5. Usipoandika kitu unapata -T3, inaanza kwa kusubiri sekunde 1 na dari ni sekunde 10. Ukiandika -T4 inaanza na milisekunde 500, sakafu 100, dari 1250, na kurudia mwisho mara 6. Ukiandika -T5 inaanza na 250, sakafu 50, dari 300, kurudia mara 2 tu, na juu ya hapo inabeba kwa siri host-timeout ya dakika 15 ambayo wengi hawajui hata kwamba ipo.

Chukua hizo namba ulete huku kwetu. Ndani ya ofisi, swichi na waya, jibu linarudi chini ya milisekunde 2, hapo -T4 ni raha mustarehe na hata -T5 haitakuua. Kampala kwa Kampala, kama watoa huduma wote wawili wanabadilishana trafiki kwenye UIXP, kile kituo cha hapa Uganda cha kubadilishana trafiki, bado ni milisekunde chache, hakuna neno. Seva ya mteja iliyo Ulaya, trafiki inashuka hadi Mombasa iingie kebo ya baharini, hapo unazungumzia mia na ushee mpaka karibu mia mbili, -T4 bado inatosha vizuri. Sasa nenda scanme.nmap.org, ile mashine ambayo wenyewe wa Nmap wameruhusu watu wajaribie, iko Marekani upande wa California. Pinga kutoka hapa uone, yaani tuma ping upime jibu linarudi baada ya muda gani, mimi napata juu ya milisekunde 300. Na dari ya -T5 ni ngapi tumesema? 300. Yaani umeiambia programu ikate tamaa kabla jibu halijamaliza safari, halafu unashangaa matokeo.

VSAT ndo kabisa. Kuna ofisi za mashirika huko Yumbe upande wa makazi ya wakimbizi ya Bidibidi ambazo bado zinategemea setilaiti, ile ya juu kilomita kama 36,000. Paketi ipande, ishuke, jibu lipande, lishuke, hiyo ni njia nne, mwanga wenyewe unakula karibu milisekunde 480 kabla hujahesabu foleni ya aina yoyote, kwa vitendo unaona 600 na zaidi. Kwa laini hiyo -T5 ni upuuzi mtupu. -T4 nayo inaanza vibaya, inasubiri 500 wakati jibu linakuja 600 na kitu, kwa hiyo mwanzoni inarudia paketi ambazo wala hazijapotea, ziko njiani tu zinakuja, halafu ikishapata majibu kadhaa inajirekebisha kwa sababu dari yake inaruhusu. Si mbaya, ila umechoma bando la setilaiti bure, na bando la setilaiti si la mchezo.

Hata kabla ya poti, ile hatua ya kwanza ya kuuliza mashine ipo au haipo nayo inakumbwa. Ukiona "Host seems down" kwenye laini ya hivo usikimbilie kusema mashine imezimwa, pinga kwa mkono kwanza, au weka -Pn iache kuuliza ianze kazi moja kwa moja.

Dawa yake ni rahisi mno na iko kwenye maelezo ya programu yenyewe, watu hawasomi tu. Pinga mara kumi, chukua ile kubwa kuliko zote, si wastani. Izidishe mara mbili uweke kwenye --initial-rtt-timeout (rtt ni muda wa paketi kwenda na jibu kurudi), izidishe mara tatu au nne uweke kwenye --max-rtt-timeout. Kwa mfano laini ya Yumbe kubwa yake ni 640, naweka 1300ms na 2500ms, basi. Maelezo yanasema mwandishi mwenyewe kwa kawaida hashuki chini ya 100ms wala havuki 1000ms. Hapo kwenye 1000 mi simfuati, yeye hajawahi kukagua ruta ya Yumbe saa kumi jioni.

Na uandike hiyo "ms" tafadhali. Zamani namba tupu ilikuwa milisekunde, tangu Aprili 2010 namba tupu ni sekunde. Mafunzo ya zamani bado yamejaa mtandaoni, ukikopi --max-rtt-timeout 500 kama ilivyo unakuwa umesema sekunde 500, zaidi ya dakika nane kwa paketi moja. Nashukuru programu yenyewe inakupigia kelele kuhusu jambo hili, inakutajia hadi huo mwezi.

Modemu za 4G ni kisa kingine. Asubuhi jibu linarudi 60, jioni watu wakirudi nyumbani wakaanza kuangalia mpira linakuwa 90, mara 700, mara 120. Huo ndo mpishano unaopandisha taimauti juu kwa juu, na utaona kwenye skrini ujumbe kwamba RTTVAR, ndo huo mpishano, imevuka sekunde 2.3 inashushwa hadi 2.0. Wengi wakiuona wanadhani kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika, inakuambia kwa adabu kwamba laini yako inarukaruka na imeamua kuweka mpaka. Ujumbe mwingine wa kuheshimu ni ule wa "giving up on port because retransmission cap hit", huo maana yake imerudia hadi mwisho na haina uhakika, kwa hiyo ukiuona mara nyingi usiyaamini hayo matokeo kichwakichwa, punguza kasi urudie.

Na hapa niweke jambo ambalo mafundi wenzangu wanalikosa: mara nyingi kinachoangusha paketi si mtandao wa mbali, ni ka-ruta kako ka hapo mezani. Ruta za bei rahisi zina jedwali dogo la kukumbuka miunganiko ya NAT, ile inayowawezesha wote ofisini kutoka kwa anwani moja, ukimwaga SYN elfu kadhaa kwa sekunde linajaa, na likijaa si skani yako tu inayokufa, ofisi nzima inakatika. Nilikuwa kwenye SACCO moja nje ya mji, kijana wa IT hapo kaanzisha skani ya nguvu kwenda kwenye seva yao iliyoko nje, dakika haijaisha mama wa kaunta akatokea mlangoni, "Bosi, mbona mfumo umelala na wateja wamejaa?" Kijana anamjibu, "Mama, ni watoa huduma hao, ngoja nitawapigia." Nikamwambia ssebo bonyeza Ctrl-C kwanza kabla hujapiga simu. Ikarudi. Tukaweka --max-rate 50, ikachukua muda mrefu zaidi ndiyo, lakini hakuna aliyejua kama tuko kazini.

Hiyo --max-rate ndo opsheni ninayoipenda kuliko zote za kasi, inaeleweka, paketi kadhaa kwa sekunde basi. Mwenzake --min-rate ni wa kuogopa. Unailazimisha isishuke chini ya kiwango fulani hata laini ikilia, na kinyume na watu wanavyodhani wakati mwingine inachelewesha, manake paketi zikianguka inabidi zirudiwe na marudio nayo yanaongeza msongamano. Kwenye LAN safi, mtandao wa ndani ya ofisi, sawa. Kwenye modemu hapana.

Sasa ile nyota niliyoibania. --host-timeout. Wazo lake zuri, unasema mashine yoyote ikizidi dakika 30 iachwe twende mbele, kuna printa na DVR za kamera huwa zinajibu kwa kujivuta mpaka unazeeka. Lakini muda ukiisha, kwa toleo ninalotumia mimi, haikupi hata ilichokwishapata. Imeshagundua poti 80 na 554 ziko wazi, imebakiza kidogo tu, muda ukagonga, inaandika imeruka hiyo mashine na jedwali la poti hupati. Dakika 29 za kazi zimeenda na maji. Na ukikumbuka -T5 inabeba hiyo ya dakika 15 kimyakimya, utaelewa kwa nini kuna ripoti zinazokosa mashine nzima ambayo kila mtu anajua ipo na inafanya kazi. Mi naiweka kubwa, au siiweki kabisa, halafu nakata kwingine, --max-retries 2 au 3 na poti chache ninazozihitaji kweli kwa -p. Unapata haraka ileile bila kupoteza.

UDP, ile njia nyingine ya kutuma data bila kuunganisha kwanza, sitaki kuiongelea sana. Jueni tu kwamba mashine nyingi za Linux zinapunguza ule ujumbe wa ICMP wa kusema poti imefungwa hadi mmoja kwa sekunde, na Nmap ikiligundua hilo inapunguza mwendo ili isipoteze majibu, kwa hiyo poti zote 65,535 ni zaidi ya saa 18 kwa mashine moja. Hakuna -T itakayokuokoa hapo. Kagua DNS, SNMP, NTP na nyingine chache unazozijali, funga laptopu nenda nyumbani.

Kuhusu -sV, ile ya kuuliza ni huduma gani na toleo gani, watu wanasema inaganda. Haigandi. Kwenye poti iliyo wazi inaunganisha kwanza halafu inakaa kimya hadi sekunde 6 ikisubiri huduma ijitambulishe yenyewe, baadaye ndo inaanza maswali. Wakati unasubiri bonyeza kitufe chochote, itakuambia imefika asilimia ngapi, ukibonyeza v inaongea zaidi, d inafungua na mambo ya ndani. Au weka --stats-every 30s ujue kila nusu dakika. Kitu kidogo lakini kwenye skani ndefu kinakuondolea presha.

Umeme sasa, manake hii ni Uganda. Weka matokeo kwenye faili kwa -oA kila siku, umeme ukikata na betri ikafuata utaendelea kwa --resume na jina la faili. Lakini kuna mtego hauandikwi kwenye video: inaendelea kuanzia baada ya mashine ya mwisho iliyokamilika kuandikwa, na Nmap inazifanyia kazi mashine kwa makundi, kundi linaweza kufika hata 1024, matokeo yanatoka kundi likiisha. Ukiwa na mtandao wa anwani 254 na ukakatwa katikati ya kundi kubwa, kundi zima linarudiwa. Weka --max-hostgroup 16 kama unafanya kazi mahali ambapo umeme una tabia zake, inapunguza kasi kidogo lakini kazi inahifadhiwa vipande vipande. Na kama unakagua mashine moja tu poti zote, resume haikusaidii kitu, itaanza upya.

Bando nilisema tutarudi. Paketi moja ya SYN ya Nmap ni baiti 44, poti zote 65,535 ni karibu megabaiti 2.9 kwa mashine moja kwa kutuma tu, bila majibu na bila kurudia. Zidisha kwa mashine 254 ni megabaiti kama 730. Kwenye fiba ya ofisi nani anajali, kwenye bando la simu utalia. Zile poti 1000 inazokagua kwa kawaida zinatosha kwa kazi nyingi, kwa hiyo -p-, ile ya poti zote, itumie ukiwa na sababu.

Wengine wataniuliza mbona usitumie masscan, ile skana nyingine. Ninayo, nzuri, Robert Graham aliiandika kwa ajili ya mitandao mikubwa na kwa hiyo kazi inaua. Ila falsafa yake ya muda ni tofauti kabisa, haipimi laini wala haipunguzi mwendo ikiona msongamano, inatuma kwa kiwango ulichosema na ikimaliza inasubiri sekunde 10 majibu ya mwisho. Ukiiacha ilivyo ni paketi 100 kwa sekunde, poti zote za mashine moja dakika 11, ni ya kistaarabu tu. Halafu mtu anaandika --rate 100000 kwenye laini ya megabiti 10. Hiyo ni takriban megabiti 50 kwa sekunde ukihesabu fremu za Ethernet, kwa hiyo nne kati ya tano zinaanguka hapo hapo mlangoni na masscan haijui na wala hairudii usipoiambia. RustScan, skana nyingine tena, nayo inakwenda mbio, taimauti yake ya kawaida 1500ms, halafu kazi ya kina inamkabidhi Nmap mwenyewe. Nadhani hilo linasema kitu.

Upande wa polepole, -T2 inaongeza milisekunde 400 kati ya paketi, ni nzuri kwa vifaa vizee vinavyoanguka ukivigusa. -T1 ni sekunde 15, -T0 ni dakika 5 kwa kila paketi, fanya hesabu, poti 1000 ni zaidi ya siku tatu. Hizo ni za wanaojaribu kama mfumo wa ulinzi unashtuka, we na mimi wa kukagua kamera za duka hazituhusu.

Na kabla hujaielekeza popote pata ruhusa kwa maandishi, Uganda tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta tangu 2011 na kuingilia mfumo wa mtu bila idhini ni kosa, usije ukasema ulikuwa unajaribu taimauti. Mitambo yako, ya mteja aliyesaini, au scanme kwa kiasi.

Hii ndo ninayoanza nayo kwenye laini ya mbali yenye pingi kubwa ya 400 hivi, muibadilishe namba kulingana na kwenu: nmap -n -T3 --initial-rtt-timeout 800ms --max-rtt-timeout 1600ms --max-retries 3 --max-rate 100 --max-hostgroup 16 --stats-every 30s -oA mteja, na mwishoni anwani unayoikagua (mteja ni jina la faili tu). Hiyo -n ni ya kuizuia isiulize majina ya DNS, manake DNS ya pale ikiwa nzito utadhani ni skani inachelewa. Poti zikitoka filtered nyingi kuliko nilivyotegemea naongeza max-rtt na kupunguza rate, nazikagua tena zile zilezile tu, na zikibaki filtered mara zote mbili hapo sasa ndo naandika kwenye ripoti kwamba kuna faiwoli.